HOTUBA: Wasitusifie Uvumilivu, Sisi Tubebane. Somo la Montgomery kwa Vijana wa Kilolo

Makamanda, haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha ndani cha vijana pale Ilula, wilaya ya Kilolo, mwaka 2023. Wengi mliokosa nafasi mmeomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema. Nilichopunguza ni salamu tu.



Mada niliyopewa ni "Uvumilivu katika mapambano". Nimeikubali, lakini naomba niseme mapema kwamba neno hili lina mtego ndani yake.

Kila kiongozi mkubwa anayepanda Kitonga kuja huku anatupa sifa ile ile. Watu wa Iringa ni wachapakazi. Watu wa Iringa ni wavumilivu. Nasi tunapiga makofi! Lakini hebu tujiulize, huo uvumilivu tunaosifiwa, tunavumilia nini hasa? Na aliyetuwekea hicho tunachokivumilia ni nani? Mtu akikukanyaga mguu, kisha akakusifu kwa kutolia, hiyo si sifa. Anaomba aendelee kukanyaga.

Sasa tuorodheshe kidogo. Kuna mama wa kule juu, masika imekolea, barabara imekuwa tope, gari la viazi limekwama siku ya pili, na mnunuzi anazidi kushusha bei kwa sababu ya hilo hilo tope. Huyo anavumilia. Kuna bibi anayelea wajukuu watano kwa sababu kizazi cha katikati kimepungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima wa mkoa wetu ni asilimia 11.3, tukiwa sambamba na jirani zetu wa Njombe juu ya mikoa yote. Nyuma ya hiyo asilimia yuko bibi anayeamka saa kumi alfajiri, na huyo naye anavumilia. Kuna kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu ya pikipiki ya mtu mwingine kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Anavumilia.

Na wapo dada zetu. Hili tuliseme wazi, maana tumezoea kulifanyia utani. Dar es Salaam mtu akitaka msichana wa kazi, anauliza kama kuna anayetoka Iringa. Binti anamaliza darasa la saba, anapandishwa basi, anaenda kulea mtoto wa mwenzake naye bado ni mtoto. Kwa amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023, kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri kiliwekwa kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha sheria. Mnajua wenyewe ni wangapi hata hicho hawakioni. Huyo binti hana wa kumwambia, kwa hiyo anavumilia.

Na sisi wa chama tumevumilia ya kwetu. Mikutano ya hadhara ilizuiwa mwaka 2016, zuio likaja kuondolewa Januari 3, 2023. Hapo katikati, Novemba 2019, ulikuja uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa wingi nchi nzima, kwa visingizio vya fomu, mpaka vyama vikajitoa. Sasa milango imefunguliwa. Lakini angalieni viti vya ukumbi huu, makamanda. Tuliokuwa nao 2015 wote wapo? Hawapo. Wengine wameenda mjini, wengine wamerudi kwenye mbao, wengine ukiwapigia simu hawapokei. Mimi siwalaumu. Wengi hawakuogopa polisi. Walichokishindwa ni njaa ya nyumbani.

Kwa hiyo swali langu la leo ni hili: kwa nini kuna watu wanavumilia wanaishia kuchoka, na kuna watu wanavumilia wanashinda? Tofauti iko wapi?

Kulijibu nitawapeleka Marekani. Najua mtashangaa. Marekani tunayoiona kwenye simu zetu ni ya maghorofa, wasanii na marais. Mimi nawapeleka kwa Wamarekani wa kawaida: wapishi, wafua nguo na walezi wa watoto wa watu. Kwa lugha yetu, nawapeleka kwa wadada wa kazi.

Mji unaitwa Montgomery, jimbo la Alabama, mwaka 1955. Kwenye mabasi ya mji ule mtu mweusi alilipa nauli kwa dereva mbele, kisha mara nyingi akaambiwa ashuke azunguke aingie kwa mlango wa nyuma. Dereva akijisikia, anaondoa gari na nauli imeshalipwa. Ndani ya basi Mzungu akikosa kiti, mweusi anasimama. Na hao weusi ndio waliokuwa abiria wengi wa kampuni. Wanawake waliokuwa wakienda kupika na kufua kwenye nyumba za Wazungu ndio walioijaza.

Alhamisi, Desemba 1, 1955, mama mmoja fundi cherehani, Rosa Parks, miaka 42, alikataa kusimama. Akakamatwa. Hiyo sehemu wengi mnaijua. Lakini historia inavyosimuliwa kwa haraka unadhani mama alichoka miguu, akakataa, mji ukalipuka wenyewe. Hapana jamani. Rosa Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kwa miaka mingi. Na kabla yake kulikuwa na binti wa shule, Claudette Colvin, miaka 15 tu, alikamatwa Machi 2 mwaka huo huo kwa kosa hilo hilo. Kabla yao wote, Mei 1954, mwalimu Jo Ann Robinson, kiongozi wa baraza la kisiasa la wanawake wa mji ule, alikuwa ameshamwandikia meya barua kumwonya kwamba watu wanazungumza kususia mabasi. Mwaka mmoja na nusu kabla!

Ndiyo maana usiku ule Parks alipokamatwa, Robinson hakuanza kutafuta la kufanya. Aliingia chuoni alikofundisha na wanafunzi wawili, wakawasha mashine ya kurudufu, mpaka asubuhi wametoa vipeperushi kwa makumi ya maelfu. Hakukuwa na WhatsApp. Jumatatu Desemba 5 mabasi yalipita karibu matupu.

Siku moja mtu yeyote anaweza. Hata sisi siku moja tunaweza. Wao walikwenda siku 381.

Siku 381, makamanda! Masika na kiangazi chao, baridi na jua. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana siri haiko kwenye miguu yao. Siri iko kwenye mpangilio wao.

La kwanza, walikuwa na dai dogo linaloeleweka. Hawakuanza kwa kudai kubadilisha Marekani nzima. Walidai dereva awe na adabu kwa abiria. Walidai anayewahi kiti akikalie, weusi wakianzia nyuma na weupe mbele. Walidai waajiriwe madereva weusi kwenye njia za mitaa ya weusi. Basi. Bibi asiyejua kusoma alikuwa anaweza kukutajia madai yote matatu.

La pili, walibebana. Mwanzoni teksi za watu weusi ziliwabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Wakubwa wa mji wakakumbusha sheria kwamba teksi haiwezi kutoza chini ya senti 45. Sawa. Wakakusanya magari ya watu binafsi, yakafika kama 300, yakapangiwa vituo, saa na zamu. Anayetoka nyumba ya tajiri saa kumi na mbili jioni anajua gari litamkuta wapi. Makanisa yakanunua mengine. Kampuni za bima zikakataa kuyakatia bima, wakaenda kuipata London. Hebu fikiria: wafua nguo wa Alabama wanatafuta bima London ili mama mzee asitembee!

Na hela ilitoka wapi? Yupo mama mmoja nataka mlishike jina lake, Georgia Gilmore. Mpishi. Alikwenda mahakamani kutoa ushahidi juu ya walivyotendewa kwenye mabasi, akafukuzwa kazi. Akafanya nini? Akapikia nyumbani kwake. Yeye na wanawake wenzake wakauza kuku, samaki, keki na maandazi ya matunda, mitaani na kwenye saluni, na hela wakapeleka kwenye mfuko wa magari. Kikundi chao wakakiita Klabu ya Kutoka Kusikojulikana. Kwa nini? Kwa sababu wengi wao walikuwa bado wanapika kwa Wazungu, na jina likijulikana kazi imekwenda. Ukiulizwa hela hii imetoka wapi, unajibu imetoka kusikojulikana. Hao ndio wadada wa kazi ninaowazungumzia. Hawakupanda jukwaani kuhutubia, lakini hela yao ndiyo iliyotia mafuta kwenye magari.

La tatu, walilipa gharama, na walijua wanailipa. Januari 30, 1956, nyumba ya Martin Luther King ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto mchanga wakiwa ndani. King mwenyewe alikuwa na miaka 27, kijana kama ninyi. Februari watu 89 wakafunguliwa mashtaka kwa sheria ya zamani ya mwaka 1921 ya kuzuia kususia biashara. Rosa Parks akapoteza kazi, na mwaka 1957 akahama kabisa kwenda Detroit kutafuta maisha. Kushinda hakukumtajirisha.

Na mwisho wake ulikuwaje? Novemba 13, 1956, viongozi wako mahakamani pale Montgomery, mji umeomba amri ya kuzuia yale magari ya zamu, na wanakaribia kuipata. Maana yake siku inayofuata watu wote wanatembea kwa miguu. Wakiwa humo humo ndani ya mahakama zikaja habari kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imekubali kuwa ubaguzi kwenye mabasi ya Alabama ni kinyume cha katiba. Kesi yenyewe ilifunguliwa na wanawake, na mmoja wa wale wanne walioshinda alikuwa Claudette Colvin, yule binti wa miaka 15 ambaye viongozi hawakutaka kesi yake iwe ndiyo ya kuanzia. Desemba 21 wakapanda mabasi, wakakaa wanapotaka.

Tafakarini hilo. Wangeachia siku ya 340 kwa kuchoka, wasingefika siku ya 381. Na hawakuachia kwa sababu waliochoka walibebwa.

Sasa kuna mtu pale nyuma namwona anatikisa kichwa. Anasema hiyo ni Marekani, wana mahakama, wana magari, sisi huku tuna nini? Swali zuri. Tutoke Alabama, turudi nyumbani.

Ukitoka hapa Ilula kwenda Iringa mjini unapita Lugalo. Kila mtoto wa Kihehe anajua kilichotokea pale Agosti 17, 1891. Jeshi la Wajerumani la Zelewski lilivunjwa, na Zelewski mwenyewe akafa pale. Tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini Lugalo ilikuwa asubuhi moja. Mimi nataka tujivunie jambo lingine ambalo hatulizungumzi.

Oktoba 30, 1894, Wajerumani waliiteka Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akatoroka. Hakukamatwa mpaka alipojiua mwenyewe Julai 19, 1898. Hesabuni: karibu miaka minne. Aliishije miaka hiyo porini na milimani, katika nchi yetu hii yenye baridi, akiwindwa na jeshi lenye bunduki za kisasa? Alikula nini?

Alilishwa. Mtu wa kawaida alitoa unga wake. Mchunga ng'ombe alimwambia askari njia ya uongo. Binti alipeleka chakula mahali akarudi kimya. Na wakati huo mashamba yanachomwa, ng'ombe wanachukuliwa, watu wananyongwa. Mpangile, mdogo wake Mkwawa, Wajerumani waliomweka wao wenyewe kwenye kiti mwishoni mwa 1896, walimnyonga mwezi wa pili 1897 kwa kumshuku kwamba bado anamsaidia kaka yake. Kichwa cha Mkwawa kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Kwa mtu wa kawaida wa wakati ule, hiyo ilikuwa hela ya kubadilisha ukoo mzima. Bado mwaka ukapita, na mwingine ukapita.

Historia imemtaja Mkwawa. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954, liko Kalenga, tunalitembelea. Waliompikia hawana sanamu popote. Lakini bila wao kusingekuwa na miaka minne. Kusingekuwa hata na miezi minne. Kwa hiyo mtu asituambie kubebana ni jambo la Wamarekani. Sisi ni wajukuu wa watu waliobeba mtu mmoja miaka minne na rupia 5,000 ziko mezani. Na mpaka leo tuna mgowe: shamba la mtu mmoja, majembe ya kijiji kizima, ulanzi jioni. Tunajua kubebana. Tulichosahau ni kukutumia kudai haki.

Nataka tuanzie kwenye jambo moja tu. Lumbesa.

Mimi nimekulia kwenye viazi. Nimeshika shazia kwa mikono hii, nimeshona gunia huku limefurika juu kama mtu amevaa kilemba. Nakumbuka mnunuzi mmoja alimwambia baba, "Mzee, hutaki ujazo huu, rudi nao nyumbani." Baba akaniangalia, akaangalia gunia, akasema shona. Kwa nini alisema shona? Ada ya dada yangu ilikuwa inadaiwa wiki ile. Baba hakuwa mjinga wala mwoga. Alikuwa peke yake.

Tufanye hesabu ya darasa la nne. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Chukulia lumbesa yako ina kilo 130, na wote tunajua zipo zinazozidi hapo. Ukiuza gunia 40 umetoa kilo 1,200 bure. Hayo ni magunia 12! Magunia 12 ni ada, ni mbolea ya msimu ujao, ni bati. Na wewe unayefikiri halmashauri haihusiki, ushuru wa mazao ya chakula ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 2, lakini panapohesabiwa gunia, lumbesa inahesabiwa gunia moja. Kwa hiyo mkulima anapunjwa, na zahanati na shule za wilaya zinapunjwa pamoja naye. Anayefaidi ni yule mwenye gari.

Sheria ipo. Wakala wa Vipimo upo. Viongozi wamepiga marufuku lumbesa kwenye majukwaa mara ngapi? Mmeshazoea kuhesabu. Lumbesa haifi kwa tamko kwa sababu msimamizi hayupo shambani saa mnunuzi anapofika. Saa hiyo upo wewe na jirani yako.

Kwa hiyo napendekeza hivi, na ninaomba tubishane tukimaliza.

Kwanza, dai letu liwe moja na dogo: gunia la kilo 100, linapimwa kwa mizani, mbele ya mkulima. Tusilichanganye na mengine kumi.

Pili, tulipeleke mahali pake. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndicho chombo cha juu cha kijiji, unahusisha kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, ikapelekwa halmashauri ikapitishwa. Hata kama 2019 walituondoa kwenye viti, kwenye mkutano mkuu hakuna anayeweza kukuengua. Una miaka 18, unaishi pale, una haki ya kunyoosha mkono. Tumeacha mikutano hiyo kwa hasira, tukawaachia. Turudi. Tuulize pia mapato na matumizi yako wapi, maana ni haki yetu kusomewa.

Tatu, na hili ndilo la Georgia Gilmore. Siku tukikubaliana kijiji kizima hakuna kushona lumbesa, nani ataanza kuvunja? Hatakuwa msaliti. Atakuwa mama ambaye mtoto wake anaumwa usiku huo na anahitaji hela asubuhi. Ukimwita msaliti umekosea, na kesho kuna wengine watano. Kwa hiyo kabla ya kusema "hatuuzi", kuwe na mfuko. Vikoba tunavyo tayari, akina mama wanavijua kuliko sisi. Kila gunia linalouzwa kwa mizani liache kitu kidogo pale, na yule asiyeweza kusubiri akopeshwe asubiri na wenzake. Na daftari liwepo, na lisomwe hadharani. Mfuko bila daftari ni ugomvi.

Nne, zamu. Msimu wa mavuno vijana wawili wawili kwenye mizani, kwa siku, majina yameandikwa. Usiseme "vijana wote tutakuwepo". Vijana wote maana yake hakuna mtu.

Najua ugumu wake. Nyanya za hapa Ilula haziwezi kusubiri. Tenga likikaa siku tatu limeoza, na mnunuzi anajua. Kwa hiyo tusianze na nyanya. Tuanze na viazi, ambavyo vinaweza kukaa ardhini kidogo, na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, ambavyo vikikaushwa vizuri vinasubiri. Tukishinda pale, mwenye nyanya atakuwa ameona.

Na kuna jambo wengine hawatalipenda. Kazi hii si ya wanachama wetu peke yao. Jirani yako wa CCM gunia lake nalo ni lumbesa. Viazi havina kadi ya chama. Ukimwacha nje, mnunuzi ataenda kwake na wewe utabaki na msimamo wako na viazi vyako. Mkaribishe. Akija ameona nani anakesha kwenye mizani, siku ya kura ataamua mwenyewe.

Nimalizie na dada zetu walioko mjini. Tusiwangoje warudi kwenye msiba ndio tuulize walikuwa wanalipwa kiasi gani. Kila tawi liandike mabinti wake waliokwenda kufanya kazi za ndani: yuko mtaa gani, namba ya simu, analipwa, halipwi. Wapo makamanda wetu Dar, Mbeya, Dodoma. Binti akijua kuna namba ya mtu wa kwao mtaa wa pili, hayuko peke yake tena, na mwajiri naye atajua hivyo.

Makamanda, wakija tena kutusifia uvumilivu, tuwashukuru kwa adabu zetu za Kihehe, halafu tuwaonyeshe mizani. Kikao kijacho sitaki kusikia hotuba, hata yangu. Nataka kila tawi lije na vitu vitatu: tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji, jina la mtunza daftari, na orodha ya zamu. Tawi lisilo navyo lije hivyo hivyo, tutalisaidia kuvipata, maana ndiyo mada yenyewe.

Hakuna kulala mpaka kieleweke.